Mheshimiwa Alipofunga Malka

Msimu wa kampeni uliopita, kila kijana wa Garsen aliyewahi kushika kipaza sauti harusini aliona anatosha kuwa mwakilishi wa wadi. Ulikuwa ukishuka stendi na mikungu yako ya ndizi, hata hujapata pa kuiweka, umeshasalimiwa na waheshimiwa. Mmoja alikuwa dereva wa boda ambaye hata hiyo pikipiki si yake. Mwingine alirudi kutoka Mombasa na miwani ya jua, akawa haivui hata akiwa ndani ya duka lenye giza. Wote walitaka waitwe mheshimiwa kabla hawajapigiwa kura hata moja, na ukimwita mtu kwa jina alilopewa na mamake, ananuna. Mimi niliwafundisha wengi wao pale kijijini kwetu Wema kabla sijastaafu. Najua nani alikuwa akilia akiambiwa afute ubao. Basi niliwaita kwa majina yao, wakanuna, nikauza ndizi zangu nikarudi nyumbani.

Shida ni kwamba mmoja wao alikuwa wetu. Mtoto wa pekee wa mdogo wangu, aliyepelekwa kwa jamaa za babake Malindi akiwa bado mdogo, akasomea huko, akakulia huko, likizo anakuja siku mbili tatu analalamika mbu. Sasa alirudi kuja kutuongoza, na viatu vyeupe miguuni. Viatu vyeupe kwenye udongo wa Wema, jamani. Kila akishuka kwenye gari kulikuwa na kijana wa kumpangusia.

Mdogo wangu alifurahi mpaka akawa hasikii. Mume wake alishakufa, huyu mtoto ndiye alikuwa kila kitu chake, na leo amerudi na gari lenye spika juu linalotaja ukoo wetu barabara nzima. Alizunguka kijijini akigawa leso za kampeni zenye sura ya mwanawe. Mimi nilipewa ya kwanza. Nikamuuliza mwanawe kama aliyemshauri alimwambia leso huvaliwa vipi, kwa maana sura yake ilikuwa imechapwa pale pale tunapokalia. Alicheka kile kicheko alichojifunza, cha meno yote, kisha akasema, "Mama mkubwa, muhimu ni kuonekana." Kuonekana ndiko alikokujua. Zaidi ya hapo alikuwa bure kabisa.

Niieleze malka, maana ndiyo iliyotuletea balaa. Kwetu mashamba yamefuata mto, na baina ya shamba na shamba zimeachwa njia pana ambazo mifugo hupita kushukia maji wakati wa kiangazi. Njia hiyo ndiyo malka. Mkulima halimi hapo, na mfugaji hapitishi ng'ombe pengine. Malka ya kando ya shamba langu hutumiwa na mzee mmoja wa Kiorma ambaye nawajua ng'ombe wake, mama na mtoto. Nikishavuna, huwaingiza wale mabua, nami nabaki na samadi. Maziwa huniletea, mahindi humpa. Tunagombana pia, tena sana, ndama wake wakivuka mpaka. Yeye hunitukana kwa Kiorma, mimi humtukana kwa Kipokomo, hakuna anayeelewa vizuri, kesho tunasalimiana.

Ila kuna jambo la malka ambalo mtu wa viatu vyeupe hakulijua. Pale ndipo sisi wanawake tunapochota maji. Kwato za ng'ombe zimekanyaga ukingo mpaka umelala, hakuna tete, hakuna kichaka, na maji ya pembeni ni ya kifundoni. Mamba akija unamwona. Kwingineko ukingo ni mwinuko na matete yamesimama hadi majini, unainama na mtungi wako hujui ni nani yuko chini anakutazama. Mtoto wa kike aliyekulia Wema anafundishwa hilo kabla ya kusuka nywele zake mwenyewe.

Siku moja mgombea wetu alifanya mkutano kijijini. Alisimama juu ya gari akasema mashamba yetu yanaliwa na mifugo, wakulima tumeonewa vya kutosha, na yeye akichaguliwa malka zote zitafungwa. Watu walipiga makofi, na mdogo wangu akapiga kigelegele. Siku ya mnada wa mifugo nikapeleka ndizi Garsen, nikamkuta yeye yuleyule, kofia tu ndiyo tofauti, amesimama mbele ya wafugaji anawaambia malka zote zitafunguliwa na mpya zitaongezwa. Nilikuwa nimekaa chini na ndizi zangu, hata hakuniona. Mwanamke anayeuza ndizi kwake ni kama jiwe.

Nilimngoja mpaka alipomaliza. Nikamwambia, "Wewe, juzi uliwaambia nini watu wa Wema?"

"Mama mkubwa, ile ni siasa," akasema. "Kila mtu unampa anachotaka kusikia."

"Na hawa na wale wakikutana? Si wote hununua sukari kwenye duka hilo hilo hapo?"

Akanishika bega, mimi niliyemnawisha uso, akanieleza kwa upole kwamba mambo ya mikakati ni magumu kidogo kwa watu wa rika langu. Nikafyonya, nikamwacha amesimama pale.

Bila shaka walikutana. Maneno yalifika Wema kabla yangu. Watu wakaanza kumcheka, na kijana wa namna hiyo unaweza kumwita mwizi akavumilia, lakini kuchekwa hawezi. Kesho yake alikuja na kundi la vijana waliojaa muguka mashavuni, yale majani ya kulevya, wakakata miti ya mathenge, ile yenye miiba inayopenya hata ndara, wakaiziba malka yetu kutoka shamba langu hadi la jirani. Alipigwa video ameshika tawi moja, tena kwa ncha za vidole. Alisema kwenye simu kwamba yeye si mtu wa maneno, ni mtu wa vitendo. Kisha akaingia garini na kuondoka.

Yule mzee wa Kiorma alifika jua likianza kuwaka, ng'ombe nyuma yake wakinusa maji. Akaitazama miiba, akanitazama mimi. "Mama mwalimu, njia hii nani nafunga?"

Niliona aibu. Nikamwambia ni mtoto wetu.

"Mtoto wako ng'ombe hana," akasema. "Shamba hana. Yeye nafunga nini?"

Aliwageuza ng'ombe wake, akawapeleka malka ya mbali, na sikumwona tena kwa muda. Nilishukuru Mungu kwamba hakuja na vijana wake, maana sisi wa mto huu tunajua magomvi ya malisho na maji huishia kwenye makaburi. Mgombea wetu hakujua. Au alijua, na hilo ni baya zaidi.

Nilitaka kuing'oa ile miiba jioni ileile. Mdogo wangu ndiye aliyenizuia, akanishika mkono analia. Alisema nikiiondoa mimi, mamake mkubwa, mwanawe atakuwa amekwisha, atachekwa mpaka mjini Hola. Akaniomba ningoje uchaguzi upite tu. Nikamwambia, sawa, basi twende tukachote malka ya mbali, pamoja na wanawake wengine. Akakataa pia.

"Dada, nikienda kule watasema hata mamake hamwamini."

Basi akawa anachota nyuma ya migomba yake, kwenye matete. Wenzake wote wanaizunguka ile miiba, wanatembea na mitungi kichwani mpaka shingo zinauma, yeye anateremka ule mwinuko peke yake ili mtoto asiaibike. Kila asubuhi nilimkemea. Kila asubuhi alinijibu kwamba mwanawe ameahidi bomba la maji. Nilimpigia huyo mwana simu nikamwambia waziwazi: mamako anachota kwenye matete, njoo ufungue malka kabla hajaliwa. Akasema amenisikia, atatuma vijana waangalie hali. Vijana walikuja, wakapiga picha za mto, wakaniomba chai.

Siku hiyo nilikuwa napalilia. Sikusikia ukelele, nilisikia mtungi ukigonga ukingo, kisha kimya ambacho hakikunipendeza. Nilikimbia. Alikuwa ameshika shina la mgomba kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umo majini, na maji yanachemka. Nilimkumbatia kiunoni nikavuta, nikapiga mayowe, wanawake wakaja na majembe, wakapiga maji, wakapiga kila kitu. Yule mnyama akaachia. Mkono haukuwa mkono tena. Tulimfunga kwa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ile leso aliyojitanda, na damu ikaenea juu ya yale meno ya mwanawe yanayocheka.

Gari la mheshimiwa lilikuwa Garsen na spika zake. Simu yake ilizimwa, yuko mkutanoni. Tulimpakia mdogo wangu kwenye gari la muuza samaki, ile probox yake, akalala juu ya mapaja yangu mpaka hospitali. Huko wakaukata mkono juu ya kiwiko.

Mwanawe alifika siku iliyofuata. Alilia, sitamsingizia, machozi yalikuwa ya kweli. Lakini hata hayajakauka, aliingia mpiga picha. Akatoa leso mpya kwenye mfuko, akaitandika juu ya shuka ya wagonjwa, sura yake ikakaa kifuani mwa mamake. Akashika ule mkono uliobaki, akaigeukia kamera, akasema huyu ni mama yake mzazi, ameliwa na mamba kwa sababu viongozi waliopita hawakutuletea maji. Miiba hakuitaja hata kwa bahati mbaya. Nilimtazama nikawaza, huyu mtu yamkini hana kitu ndani, ukimgonga atalia kama debe. Nilimnyang'anya ile leso mbele ya muuguzi nikaitupa chini ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Sikujua kama amelala.

Nilirudi Wema, na wanawake hawakungoja niseme. Tulichukua mapanga tukaiondoa miiba yote, tukaichoma palepale. Baadaye kidogo yule mzee akapita na ng'ombe wake, akaniuliza hali ya mdogo wangu, akasema pole, akashuka mtoni. Jioni gari lenye spika lilipita barabarani likitangaza kwamba mheshimiwa, kwa kujali usalama wa kina mama, ameamuru malka ifunguliwe. Mwenzangu mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikuweza.

Siku ya kura mdogo wangu alisisitiza kwenda. Alikuwa mwembamba, mkono wa gauni umefungwa fundo. Kituo kilikuwa darasa nililofundishia mimi. Kwa kuwa hakuweza bado kuandika kwa kushoto, aliruhusiwa kuchagua mtu wa kumsaidia, akanichagua mimi. Nikala kiapo kwamba nitaweka alama pale atakaponiambia. Tukaingia nyuma ya lile boksi la karatasi, tumebanana kama zamani tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Kwenye karatasi ya wadi vijana wote walikuwapo, wamejipanga na picha zao, kila mmoja amefunga tai. Mdogo wangu akaweka kidole juu ya mwanawe.

"Hapo," akasema.

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Miaka yote nimesahihisha madaftari ya watoto, na sijawahi kuweka tiki kwenye jibu bovu kama lile. Lakini nilikuwa nimeapa, na kura ilikuwa yake. Nikaweka. Yeye mwenyewe akaikagua, nikaikunja, akaitumbukiza kwa mkono wake wa kushoto.

Alishindwa vibaya. Aliyeshinda ni yule wa miwani, naye si bora hata kidogo. Siku hizi amenunua gari lenye vioo vyeusi, hivyo miwani ameivua, na simu zetu hapokei. Mpwa wangu alizunguka akisema ameuzwa. Mwanzoni aliuzwa na chama, halafu akauzwa na mawakala wake, mwishowe akaja kwa mamake na viatu vyake vyeupe akatukuta tunachambua mboga barazani. Hata salamu hakutoa vizuri.

"Mama mkubwa," akasema, "watu wananiambia hata kura ya mama ulimpa mwingine. Ulikuwa umeshika kalamu wewe. Mama hakuweza kukuzuia."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mengi, tena nilikuwa nimeyaweka muda mrefu. Mdogo wangu akanivuta gauni nikae. Kisha akamtazama mwanawe, ule mtazamo ambao sikuwahi kuuona kwake tangu mtoto huyo azaliwe.

"Aliweka kwako," akasema. "Nilisimama hapohapo nikimwona. Na wakati anaweka, mwanangu, nilikuwa naomba mkono wake uteleze."