Daftari la Kichocho

Kidawa binti Mcha alikuwa akipima mkojo na damu katika maabara ya serikali mjini tangu kabla ya Mapinduzi. Akikaa mtaa wa Ng'ambo na mama yake mzee, na kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje juu ya yale aliyoyaona kwenye hadubini. Kwa hiyo mwaka 1971, Daktari Mwaipopo, mhadhiri wa chuo kikuu kutoka bara, alipotaka kuandika jina lake kwenye maombi ya fedha za utafiti wa kichocho, tena kama mtafiti mwenza na si msaidizi, Kidawa alidhani amesikia vibaya.

"Mimi si msomi, Daktari."

"Wewe ndiye unayewajua watu na maji yao."

Chuo kilitaka barua ya mwajiri. Mkuu wake, Bwana Muhiddin, aliitia saini siku ileile: Kidawa aazimwe siku mbili kila wiki, mshahara ubaki wa serikali. Fomu ya chuo nayo ilikuwa na sharti kwamba majina ya wagonjwa yasitoke nje ya utafiti. Kidawa akatia saini yake hapo, na wala hakuona kama karatasi mbili zile zingeweza kugombana.

Wakaanza katika kijiji kimoja cha kaskazini, kwenye mabonde ya mpunga. Siku zile mtu akija na daftari kuuliza majina, watu walikuwa wakirudisha milango. Wa kwanza kumfungulia alikuwa Biasha, mama wa watoto watano.

"Haya majina yanakwenda wapi, Bi Kidawa?"

"Yanakaa kwangu."

"Kwako wewe, au kwa serikali?"

"Kwangu mimi."

Biasha akawaita majirani. Kati ya watoto wake, wanne walikutwa na ugonjwa, na mmoja wao ni Tabia, msichana wa miaka kumi na sita aliyekwisha kuposwa.

Mwezi wa nne, Muhiddin akamwita ofisini. Kamati ya kijiji inataka orodha, alisema, ili nyumba zenye kichocho zizuiwe kuteremka mtoni.

"Nimewaahidi watu, Bwana Muhiddin. Na chuo kimeweka sharti."

"Mshahara wako unatoka chuo?"

"Hapana."

"Basi. Mimi nlikuazima tu. Kesho nnalitaka daftari mezani."

Kidawa akampigia simu Daktari. "Usilitoe," Daktari alisema. "Nitawaandikia wakubwa." Lakini barua ingechukua wiki mbili, na Kidawa aliwajua walioachishwa kazi kwa makosa madogo kuliko hilo, na walioitwa kuhojiwa wakakawia kurudi. Mama yake hakuwa na mwengine wa kumtazama. Asubuhi alijaribu kupeleka karatasi yenye idadi bila majina. Muhiddin aliisukuma bila kuisoma. Kidawa akafungua mkoba, akaliweka daftari mezani.

Kamati iliyasoma majina hadharani, mbele ya kijiji kizima. Wiki haijesha, wazee wa mchumba wa Tabia wakatuma ujumbe kwamba posa imevunjika: wamesikia msichana ana ugonjwa wa tumbo la uzazi. Kidawa aliporudi kijijini na chupa zake za mkojo, alikaa mpaka adhuhuri na hakuna mtoto aliyeletwa.

Daktari alivuka bahari kuja kumwona. Hakumfokea, na Kidawa aliona afadhali angemfokea.

"Hiki kijiji tutakiacha," alisema. "Jina lako ningependa libaki."

"Liondoe, Daktari."

"Kazi umeifanya wewe."

"Na majina nimeyatoa mimi. Liondoe."

Likaondolewa. Utafiti ukahamia kwengine na mtu mwengine, na Kidawa akarudi maabara kuosha vioo vyake vya hadubini.

Lakini dawa za watoto waliokwisha kupimwa zilikuwa bado kabatini. Siku ya mapumziko alipanda basi akaenda nazo mwenyewe. Biasha alikuwa uani akipepeta mpunga. Alisimama, akaja mpaka kizingitini, asimkaribishe ndani.

"Wanakunywaje?" aliuliza.

Kidawa alimweleza, akarudia tena kwa kila mtoto. Alipofika kwa Tabia aliacha kuhesabu vidonge.

"Atapona huyu," alisema. "Na kuzaa atazaa."

"Kawaambie wao," alisema Biasha.

Akapokea vidonge, akaingia ndani. Kidawa alibaki pale kidogo juani, kisha akaenda kubisha hodi nyumba ya pili.