Kochi Lenye Mtutu

Mwanaume mzima, ana mke, ana watoto, ana karakana yenye bango, halafu mtaa mzima unamwita Sponji. Na yeye anaitika.

Ni fundi makochi, na haki ya Mungu, kwenye makochi hana mpinzani. Mpe mbao za hovyo, mpe gunia kuukuu na kipande cha leza, ile ngozi ya kuvalishia makochi, atakutolea kitu ambacho ukikikalia unasahau ulikuja kufanya nini. Ubaya wake mmoja tu: aliamini hakuna kitu duniani ambacho hakiwezi kuwa bora kikiongezewa sponji. Kiti cha baiskeli yake kina sponji. Mpini wa nyundo una sponji. Mlango wa choo nao una sponji kwa ndani, na hapo hata mkewe ameacha kuuliza.

Nyumba yake ni vyumba viwili nyuma ya karakana. Kimoja cha watoto, kimoja chake na mkewe, na katikati kijisebule ambacho kimemezwa chote na kochi moja. Hilo sio la kuuza. Alilitengeneza mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe, kwa mapenzi ambayo mkewe anasema hajawahi kuyaona. Jumapili analala pale kama mfalme, miguu juu. Mtoto akiligusa na mkono wa mafuta, utafikiri kaua mtu.

Sasa mkewe ana mama yake, ambaye analima mahindi bondeni, nje kidogo ya mji. Bondeni kuna nguruwe pori. Msimu uliopita wale nguruwe walivuna kabla yake, na hawakumwachia hata la kuchoma. Mama mkwe akaja mjini, akasalimiwa shikamoo, akapewa maji, akatulia kwenye lile kochi, halafu akasema taratibu:

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu. Naomba mninunulie waya wa seng'enge nizungushie shamba. Maana hawa wanyama wakinimalizia na msimu huu, nafunga mlango wangu nakuja kukaa na nyie." Akalipapasa kochi. "Na nafasi naona ipo."

Mwenye akili angesikia neno seng'enge. Sponji alisikia neno nafasi.

Usingizi ukamhama. Akapiga hesabu ya vyumba: mama mkwe hawezi kulala na watoto, maana wanarusha mateke. Atalala chumbani na binti yake. Mchana atakuwa juu ya kochi. Na yeye baba mwenye nyumba? Hawezi kujilaza sebuleni mkwe wake akipita. Karakanani, na panya.

"Nitanunua bunduki," akamwambia mkewe asubuhi.

"Mama kasema seng'enge."

"Seng'enge anaweka mtu yeyote. Mama mkwe wangu anavamiwa, nimpelekee waya? Nitaweka wapi uso wangu?"

"Ungeuweka kwenye waya," mkewe akasema, akaendelea kukata kitambaa.

Kaka wa mkewe, shemeji mtu, ni fundi matairi pale pale mtaani, na ana bunduki ya zamani ya mitutu miwili anayowindia kanga. Aliposikia habari, aliacha tairi linapumua likaisha upepo lote.

"Shemeji, wewe? Juzi umechomwa sindano umemshika mkono nesi!"

"Cheka, shemeji. Cheka tu."

"Nacheka nini? Nawaonea huruma nguruwe. Watakufa kwa kicheko."

Basi Sponji akafuatilia kibali cha kumiliki silaha. Kilichukua muda wake, kama kila kitu kinachopitia kwenye meza za watu, na kila alipokaa kusubiri alikuwa anabonyeza kiti na kutikisa kichwa kwa uchungu. Kibali kilipotoka, alikuwa tayari ameshakuwa bingwa. Kwa simu, lakini. Alikuwa ametazama video za watu wanafumua matikiti kwa shotigani mpaka akawa anaongea kama aliyezaliwa porini.

Siku ya kwenda dukani mkewe akavaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Hela ni ya seti ya makochi niliyoishona mimi nusu. Naenda na nusu yangu."

Duka la bunduki lilikuwa kachumba kenye nondo dirishani, mlango wa chuma, na nyuma ya kaunta mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Sponji kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na jina la dawa tayari.

"Nataka shotigani ya pampu," Sponji akasema. "Ya kuwindia. Isiwe ghali, isinisumbue."

"Ungeanza kwa kutafuta mke wa hivyo," mzee akasema, kisha akamwona mke. "Samahani, mama. Karibu."

"Amekosa vyote viwili, mzee wangu. Wewe muoneshe tu bunduki."

Mzee akaweka tatu juu ya kaunta, akahakikisha kila moja haina kitu ndani, akamwonesha na Sponji. Macho ya Sponji yakaruka moja kwa moja kwenye ile nyeusi. Ilikuwa na tochi. Ilikuwa na mahali pa kufungia tochi nyingine. Badala ya kitako ilikuwa na mkono mfupi kama wa bastola, ya kufa mtu, ilionekana inaweza kupindua serikali yenyewe bila kusaidiwa.

"Hii!" akasema.

"Hiyo ni ya kulinda geti. Haina kitako. Utaiegemeza wapi ukipiga, kwenye meno?"

Sponji akaiweka chini kama kaa la moto. Ya pili ilikuwa mpya kabisa, mbao zinang'aa kama kabati la maharusi, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Akaishika kishikio cha mbele, kile unachokivuta nyuma kutoa ganda na kukisukuma mbele kuingiza risasi nyingine, akavuta. Krrr-kak. Akasukuma. Krrr. Ikagoma. Akasukuma tena. Kak.

"Inahitaji kuzoewa," Sponji akaitetea. Tayari walikuwa ndugu.

"Hii inalia kama ile cherehani yetu," mkewe akasema.

"Cherehani ipi?"

"Iliyokufa."

Mzee akageuza shingo akamtazama yule mama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umeisikia eh? Ndani ina mkono mmoja tu unaovuta. Ukivuta kwa pembeni kidogo, inajibana. Ukiwa dukani, unacheka. Ukiwa mbele ya nguruwe, anacheka yeye." Akasogeza ya tatu. "Hii imetumika. Rangi imechubuka, kitako kina mikwaruzo, hata kuiba mtu haibi. Lakini ina mikono miwili ndani, inavuta sawa pande zote. Mtutu sio mrefu sana, haugongi mahindi. Risasi zake zipo kila mahali. Bei imezidi hiyo mpya kidogo tu."

Mke akaivuta mwenyewe. Shlak. Akasukuma. Shlak. Kama droo iliyopakwa nta.

"Hii hapa," akasema. Na hapo ununuzi ukaisha, ingawa Sponji alibaki anaangalia ile yenye tochi kama mtu anayeagana na mchumba stendi.

Wakati wa kufunga, mzee akamshika mkono. "Kijana, nisikilize. Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho. Ukivuta nusu, itakuaibisha. Na usiibadilishe chochote. Usiongeze, usipunguze. Mafuta kidogo, kitambaa kikavu, basi."

"Nimekuelewa, mzee," Sponji akasema, na wakati huo huo jicho lake linapima kitako. Urefu, upana, kitambaa kiasi gani.

Majaribio yalifanyika bondeni, kwenye kichuguu, shemeji akiwa shahidi. Sponji akapiga moja. Bunduki ikampiga yeye. Alirudi nyuma hatua za kutosha kumsalimia shemeji aliyekuwa amesimama mbali.

"Shikamoo shemeji," shemeji akasema. "Umekuja?"

Bega likavimba, na roho ikavimba zaidi. Kesho yake karakana ikafungwa mlango katikati ya siku ya kazi. Ndani ikasikika mikasi, ikasikika gundi inapulizwa, ikasikika nyundo ndogo ya kupigia misumari ya urembo. Mlango ulipofunguliwa, Sponji alitoka na kitu amekibeba mikononi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Kitako kilikuwa kimevimbishwa kwa sponji ngumu, ile ya daraja la kwanza ambayo wateja wanaambiwa imeisha. Juu yake leza nyekundu, mishono pacha, misumari ya kichwa cha shaba imepangwa mstari. Na kishikio cha mbele nacho, ili mkono usiteleze, kimefungwa kijimto kinene chenye ukingo wa kamba pande zote mbili.

Mkewe akaangalia. Akazunguka akaangalia na upande wa pili.

"Na kitambaa cha kuwekea juu, nishone?"

"Dhihaka za nini sasa? Shika uone ilivyo laini."

"Mzee alisema usiongeze kitu."

"Yule anauza bunduki. Anajua nini kuhusu kukaa vizuri?"

Je, aliivuta kuijaribu baada ya kuipamba? Aliivuta. Taratibu, kidogo, ili asikunje leza.

Jioni ya kuwinda ikafika. Mahindi yalikuwa yamebeba, yamekomaa karibu ya kuvunwa, na nguruwe walishajitokeza mara moja kuonja. Shemeji akakaa upande wa juu wa shamba. Sponji upande wa mtoni. Mama mkwe akatoa kigoda chake akaketi mlangoni kwake, mikono mapajani, kama mtu aliyekata tiketi.

Jua halijazama, kundi likatoka kwenye matete. Mbele dume kubwa, shingo nene, linatembea kama mwenye shamba anakagua. Sponji akainua bunduki. Kitako kikakwama kwapani. Kilikuwa kimenenepa mno, hakipiti. Akakishusha, akakizungusha, akakipandisha kwa juu. Kikakaa, lakini sasa shavu lake lilikuwa limepanda juu ya mto na jicho linaona anga. Akafyatua hivyo hivyo.

Bega, lazima tuseme ukweli, halikuumia hata kidogo.

Risasi ilienda zake mawinguni. Kundi likapata wazimu. Badala ya kurudi matetini likakata katikati ya mahindi, mabua yanalala kama yamefyekwa, na lile dume likageuka likaja upande wa Sponji, karibu kiasi kwamba aliona matope kwenye kope zake. Hapo ndipo pampu inapomjua mwenyewe. Akavuta. Kijimto cha mbele kikarudi nyuma, kikagota kwenye mwili wa bunduki, kikasema: puf.

Akavuta tena. Puf.

Ganda nusu limetoka, nusu limekaa, linamchungulia. Dume likasimama, likamtazama fundi, likaitazama kazi yake, likapita. Halikukimbia hata.

"Piga!" shemeji anapiga kelele kule juu. "Shemeji, piga!"

"Imekwama!"

"Nini imekwama?"

"Mto!"

Halafu shemeji akaanza kucheka, na aliyemsikia anasema alicheka mpaka akajiegemeza kwenye bunduki yake, jambo ambalo mwindaji hatakiwi kulifanya kamwe.

Nguruwe wakarudi kesho yake, na keshokutwa, sasa wamejua mwenyeji wao ni mtu wa starehe. Wiki haikwisha, shamba likabaki mabua.

Mama mkwe akaja na begi moja na kigoda chake. Akasalimiwa. Akapewa maji. Akakaa kwenye kochi, akaegemea, akaguna kwa raha.

"Mimi niliomba seng'enge," akasema. "Mkaniletea kochi lenye mtutu."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba? Makochi unayajua kweli. Ilete hiyo bunduki. Itoe risasi kwanza."

Akaitoa, akamwonesha haina kitu. Mama akaomba wembe wa kufumulia mishono kwa binti yake, akamwekea Sponji mkononi. "Fumua."

Alifumua ile leza nyekundu mshono kwa mshono, mbele ya mke, mbele ya watoto, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemnyonyoa kuku aliyemfuga mwenyewe. Mto wa kitako ulipotoka, mama akaupokea, akaupima shingoni, akaulalia. "Hapa ndipo ulipotakiwa kuwa."

Tangu siku hiyo Sponji akawa analala karakanani, juu ya mabunda ya sponji, na panya wanamshukuru kwa joto. Na kila jioni, bunduki tupu mkononi, anasimama mbele ya kochi lake akifanya mazoezi, na mwalimu yuko juu ya kochi.

"Nusu hiyo."

"Nimevuta mama."

"Umeibembeleza. Vuta kama unafunga mlango wa mtu anayekudai. Eh! Rudia."

Shlak. Shlak. Watoto wakawa wanahesabu. Bega likapata sugu. Shemeji akaja kuangalia mara moja, akaondoka hajacheka, na hilo lilimpa Sponji nguvu kuliko chakula.

Msimu uliofuata mke na kaka yake wakapanda upya kule bondeni. Mahindi yakabeba. Nguruwe wakaja jioni, dume mbele, mwendo ule ule wa mkaguzi. Sponji akaweka kitako kitupu begani, shavu kwenye mbao, akafyatua. Akakosa. Msitegemee miujiza, bado ni Sponji. Lakini mkono ulishajua kazi yake hata kabla kichwa hakijaogopa: ukavuta mpaka mwisho, ukasukuma mpaka mwisho, shlak shlak, na ya pili ikaingia nyuma ya bega la dume. Likaenda hatua chache likalala. Kundi likapotelea kwenye matete na halikuonekana tena msimu mzima.

"Shemeji," shemeji akasema, ameshika kofia mkononi.

Sponji alirudi mjini kifua kikiwa kimetangulia mlangoni. Akamkuta mama mkwe juu ya kochi, miguu juu, mto mwekundu shingoni.

"Shikamoo mama. Dume nimeliua. Shamba liko salama. Sasa hata kesho unaweza kurudi kwako."

"Marahaba. Mungu mkubwa!" Mama akafurahi kweli, akamshika mkono, akaubusu. "Nilijua utaweza. Basi kesho usichelewe."

"Kwenda wapi?"

"Bondeni, baba. Hao waliobaki wanakuogopa wewe, mimi hawanijui. Ukalale kule mpaka tuvune. Ufunguo uko kwenye begi."

Sponji akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa tayari anakunja blanketi.

"Na kule kuna kitanda?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Cha kamba," mama mkwe akasema, akafumba macho. "Kigumu kidogo. Beba sponji."