Helmeti Katikati ya Uwanja

Kocha wetu alipostaafu, shule ilitualika sisi wachezaji wa zamani, kila mmoja aseme maneno machache juu ya swali moja: ni nini kimeifanya timu hii ishinde mwaka baada ya mwaka? Nikatoka kwangu Falls Church, Virginia, Jumamosi mchana, nikapambana na foleni ya barabara kuu ya Beltway mpaka upande wa Maryland, nikasimama mbele ya watu wazima wenye vitambi ambao zamani tulivunjana mbavu. Nikasema bidii. Nikasema nidhamu. Nikasema upendo, Mungu anisamehe. Wakanipigia makofi, kocha akajifuta jicho, nami nikala keki yao nikarudi nyumbani.

Wewe nitakwambia ukweli, kwa kuwa hukunialika na huna keki.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikaa Riverdale Park, mimi na mama, kwenye fleti ya vyumba viwili karibu na barabara ya Route 1, na reli ilikuwa nyuma yetu kabisa, hata treni ya mizigo ikipita vikombe vinacheza kabatini. Baba alibaki Mombasa na mke mwingine, na habari zake kwetu ziliishia hapo. Mama alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya wazee College Park. Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi, alikaanga mahamri, na harufu ya iliki ilishika mapazia, makoti, hata sweta yangu. Wenzangu waliniuliza kwa nini nanukia kama duka la mikate. Mbaazi tulikuwa tukizitoa kwenye makopo ya duka la Walatino, mama akizimwagia tui na kuzilaumu kwamba si mbaazi. Upepo ukivuma kutoka kaskazini tulisikia ngoma za bendi ya chuo kikuu, na mimi nilijiona nimo ndani ya jambo kubwa.

Futiboli ninayosema ni ile ya Kimarekani, ya helmeti na kugongana. Mimi nilikuwa mnene, basi nikawekwa mstari wa mbele, ambako kazi yako ni kugonga na kugongwa ili mwingine apate njia ya kukimbia na mpira. Usiniulize sheria. Mama alikuja mechi moja tu, akataka kujua kwa nini watu wazima wote wale wanatazama watoto wakipigana na hakuna anayewatenganisha.

Agosti tulifanya mazoezi mara mbili kwa siku, jua likichoma, watu wakitapika kwenye nyasi na kurudi mstarini. Usidhani kocha alikuwa mtu wa kelele. Hakututukana, hakutunyima maji, na alijua jina la mama wa kila mmoja wetu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ukilazimika kusogea ili umsikie. Kila siku alisema neno lile lile: "Sihitaji wachezaji wazuri. Nahitaji wasioondoka." Tulilisikia mara nyingi mpaka tukawa tunalisema usingizini.

Sasa siri yenyewe. Aliyetaka kuacha timu alipaswa kuja mwenyewe siku ya Alhamisi, aiweke helmeti yake katikati ya uwanja mbele yetu sote. Akiinua uso, anakuta migongo. Tumegeuka wote. Tangu hapo hakuna anayesema naye, si darasani, si kantini, si kwenye basi, mpaka shule ifungwe mwezi wa Juni. Kocha hakuwahi kutuamuru. Wakati huo yeye alikuwa akisoma karatasi zake. Tulifundishwa na waliotutangulia, nao walifundishwa na waliowatangulia wao. Shule nyingine zilikuwa na watoto wenye nguvu na mbio kuliko sisi, lakini ikifika Oktoba nusu yao wameshaacha kwa maumivu, kwa wasichana, kwa kazi za jioni. Sisi hatukupungua. Watu waliuita moyo, na ulikuwa woga mtupu. Mara ya kwanza nilipoona ikifanywa, aliyeacha alikuwa kijana mmoja wa miwani, na nilicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Mwaka uliofuata akaja mtoto wa mama mdogo kutoka Mombasa, kusoma. Kwetu huyo ni ndugu, hakuna cha binamu. Alinizidi mwaka mmoja. Tulilala chumba kimoja, na jioni yeye ndiye aliyetuswalisha sebuleni, kwa sababu kisomo changu kilikuwa aibu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, amekulia kandanda ya miguu mitupu. Nilimpeleka kwa kocha mimi mwenyewe. Alipokimbia, kocha aliweka karatasi zake chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mama alitia sahihi fomu zote bila kusoma. Machoni pake kocha alikuwa mwalimu, na mwalimu kwake ni yule wa chuo alichosomea Kurani: ukishamkabidhi mtoto, humfuati nyuma kuuliza. Alimpelekea hata sahani ya mahamri. Kocha akala sita, akasema atamtunza kijana kama wake.

Oktoba, siku ya mechi, nduguyangu aligongwa kichwa kwa kichwa. Alikaa chini kidogo, kisha akainuka akaenda kusimama upande wa wapinzani, akingoja maelekezo kwa kocha wao. Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka. Nyumbani alitapika, akafunga mapazia mchana kweupe, akasema herufi za msahafu zinamchezea. Mama alishinda na wagonjwa kila siku ya Mungu, na hakupenda alichokiona. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba kwa Kiingereza, basi akaniuliza mimi.

"Mwalimu wenu asema nini?"

Nilikuwa sijamwuliza kocha kitu. "He said he's fine, mama. Uchovu tu."

Mama akashusha pumzi. Mwalimu ameshasema. Akampaka mafuta ya habasoda kichwani, akampa Panadol mbili, akaenda zake kazini.

Ukitaka kujua kwa nini nilidanganya, usinitafutie udhuru. Zilikuwa zimebaki mechi nne, na bila yeye tusingeshinda. Basi.

Jumamosi iliyofuata alicheza, akafunga mara mbili, akatapika nyuma ya basi. Jumatano yake, baada ya swala, alikuwa akikunja mkeka.

"Kichwa chaniuma na wewe wajua," akaniambia. "Kesho narudisha helmeti."

"Don't. Wajua watakalokufanya."

"Wao nawajua. Wewe je?"

Nilitoka chumbani.

Alhamisi alikuja na helmeti ameipangusa mpaka inang'aa. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni sahani. Wenzangu walisita, maana huyu ndiye aliyekuwa akitushindia mechi. Macho yote yakanijia mimi, ndugu yake. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sidhani kama najipa ukubwa nisio nao: ningesimama vile vile, huenda hakuna ambaye angegeuka.

Niligeuka wa kwanza. Nikasikia njumu zikisaga nyasi nyuma yangu, jozi moja, mbili, kisha zote. Kocha alipita na karatasi zake, akanigusa bega. Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilengalenga.

Jioni ile tuliswali magharibi kama kawaida, yeye mbele, mimi kuume kwake nyuma kidogo, mama nyuma yetu. Unajua desturi yetu: ukishatoa salamu, unapeana mkono na uliyeswali naye. Alinigeukia, akanyoosha mkono. Nikainuka nikaanza kuvaa soksi.

"Siku hizi swala haina mkono?" mama akauliza.

"Ana haraka, mama mkubwa," nduguyangu akasema. "Ana homework nyingi."

Alinidanganyia vizuri kuliko nilivyodanganya mimi juu yake. Kesho yake akanyoosha mkono tena. Na kesho kutwa. Kila magharibi, Novemba yote, theluji ikaanguka, ikayeyuka, na yeye ananyoosha tu. Nilimchukia kwa hilo. Angalinuna, angalinitukana, ningepata pa kushika. Kule shule alikula peke yake karibu na mashine ya soda, na sisi tulikaa meza ya pili, tukicheka kwa sauti ili asikie. Hakuna aliyetuambia tucheke.

Tulishinda ubingwa bila yeye. Kumbe tungeweza. Nilipewa koti lenye herufi ya shule kifuani, na mama akataka tupigwe picha nimelivaa. Nduguyangu ndiye aliyeshika kamera, kwa kuwa mama alitaka na yeye awemo.

Kusoma kulimshinda. Akifungua kitabu macho yanamwaga machozi, na barua za walimu zikawa zinakuja, nami ndiye niliyezitafsiri: hajitahidi, hasikilizi, anafeli. Kila neno lilikuwa kweli, na niliyatafsiri yote bila kupunguza. Mama akalia kwamba Amerika imemshinda mtoto wa watu. Mpaka leo anaamini alikuwa mvivu. Mwanzoni mwa Juni akamkatia tiketi ya kurudi kwao.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Dulles. Nataka uelewe mahali tulipokuwa: ni Virginia, jimbo jingine, ng'ambo ya mto, mchana wa siku ya kazi. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Kocha hakuwepo. Hakuna mtu katika ule umati aliyejua helmeti ni nini kwetu, wala ambaye angepeleka habari. Alimkumbatia mama, kisha akanyoosha mkono wake kwangu.

Shule ilikuwa imebakiza wiki mbili ifungwe. Niliangalia ubao wa ndege.

"Haya," akasema. "Kaa salama."

Timu haijengwi na kocha, rafiki yangu. Inajengwa na kijana anayeishika kanuni mahali ambapo hakuna anayemwona. Mimi nilikuwa kijana huyo, na shule ile ina vikombe vya kutosha kuonyesha kwamba sikuwa peke yangu.

Fleti zile zimepakwa rangi nyingine na wanakaa watu wengine. Mama nimemhamishia kwangu, mikono yake haikandi tena unga, na mahamri tunanunua kwa mama mmoja wa Kizanzibari ambaye hatii iliki ya kutosha. Mama anaswali kwenye kiti. Hakuna anayetuswalisha, na kisomo changu ni kile kile.

Nduguyangu ana duka la vipuri Mombasa, ana watoto wanne. Sijui kama kichwa bado kinamuuma. Ni swali dogo, na sijawahi kumwuliza. Kila Ijumaa akitoka msikitini, kwetu ikiwa asubuhi, hupiga simu. Nikipokea mimi, hunisalimu vizuri, hana hasira hata kidogo, kisha husema, "Nipe mama mkubwa."

Nampa.