Kaseti ya Mashine Nyeupe

Mfanyabiashara aliyekuwa akituletea vitu kutoka Zambia alisimama mlangoni kwetu asubuhi moja, akauliza neno moja tu: ile kaseti mpya ya mchezo wa mpira, tunaitaka ya mashine gani? Mume wangu akajibu nyeusi. Mi nikajibu nyeupe. Tulijibu kwa pamoja, naye akacheka, akasema atapita tena kesho kabla lori halijaondoka, sisi tupatane kwanza.

Kupatana! Katika nyumba ile mi ndiye niliyekuwa na mdomo, na mume wangu alikuwa na ukimya, na ukimya wake ulikuwa mgumu kuliko mdomo wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuran, yaani umeme, mgodini. Mgodi ulipoanza kuanguka na mshahara ukageuka hadithi, tulitoa viti sebuleni, tukaweka mashine mbili za michezo ya televizyo, na wanafunzi na makapera wa site, mtaa wetu, wakawa wanakuja kucheza. Nyeupe ilikuwa ndogo, ya zamani, kila mtu aliijua. Nyeusi ilikuwa mpya, yenye nguvu, na picha zake ziling'aa. Kaseti ya moja haikuingia katika nyingine. Na mji mzima ulikuwa ukiungoja ule mchezo wa mpira, mpira wa kweli, wachezaji wanaanguka, refa anatoa kadi. Nyumba itakayoufungua kwanza ingekula, nyingine zingetazama. Mfanyabiashara aliweza kutupatia kaseti moja tu.

Basi tulibishana kutwa. Mume wangu alisema watu watatoka hata Musonoi kwa miguu waje waone jezi zinavyong'aa kwenye nyeusi. Mi nikasema maneti za nyeupe, zile za kushika mkononi, zinatengenezeka, kampira ka ndani kakikatika unakata kipande cha mpira wa baiskeli, mambo yanaendelea. Nyeusi ikifa utamwita nani? Tena watu wameshaizoea nyeupe, hakuna anayelipa ili afundishwe kushindwa. Hata mama wa jirani aliyeuza mikate, ambaye hakuwahi kushika maneti maishani mwake, alikuwa na upande, na upande wenyewe haukuwa wangu. Nilimnunia mpaka jioni.

Lakini sababu yangu ya kweli sikuisema. Nyeusi ilikula kuran ya ukutani, ile ya bwawa la Nzilo, na ilitaka televizyo kubwa. Nyeupe ilikubali batri ya gari na televizyo ndogo isiyo na rangi. Na nani anatafuta batri wakati nyumba yake iko na kuran? Mtu anayehama.

Maana mume wangu alikuwa wa asili ya Kasai, na mi wa kaskazini ya Katanga, mkoa huuhuu. Wakati ule hiyo ilitosha. Kwenye mikutano ya siasa walisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, jamani? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba mkwe wangu alipewa beleshi la mgodi siku ileile aliposhuka kwenye treni, akalishika mpaka tulipomzika hapahapa Kolwezi, na mume wangu alikuwa hajaitia Kasai machoni. Hata hivyo familia zilikuwa zikifukuzwa mtaa kwa mtaa, vijana wanang'oa mabati mwenye nyumba akiwatazama, na kwenye stesheni watu walilala chini wiki baada ya wiki wakingoja treni ya kwenda Kasai. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa jirani zetu wa nyuma ilikuwa imeshanyesha.

Jioni yaya yangu akaja, kaka yangu mkubwa. Alikula bukari, ugali wetu, vizuri, akanawa mikono, ndipo akasema. Hakuwa na neno baya na mulamu wake, yaani mume wangu, alisema, lakini mulamu aende peke yake. Mi na watoto tubaki katika lupango letu, nyumba na kiwanja chake, sisi ni wa hapa, hakuna atakayetugusa. Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikamtazama mume wangu, nikangoja akatae. Akainamisha kichwa, akakubali.

Hapo nikaanza kuelewa. Kaka alipoondoka, nikamgeukia mume wangu.

"Ile nyeusi, unaitakia nani?"

"Ni yenu," akasema. "Nyumba iko na kuran. Weye na batoto mutakula. Mi nitaenda, mambo ikitulia nitarudia."

Kumbe yeye alitaka nyeusi kwa sababu alishapanga kutuacha, nami nilitaka nyeupe kwa sababu nilishapanga kumfuata, na kutwa nzima tulikuwa tukigombana juu ya jezi! Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia amenihesabu pamoja na kabati na meza, vitu vya kubaki nyumbani. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Nililia pia. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda sana, yote kwa saa moja, na mtu asiniulize lipi lilizidi.

"Mi nataka nyeupe sababu inakubali batri," nikasema. "Kwenye tunaenda hakuna ukuta. Hautaenda peke yako, unasikia?"

Akauliza kama ninajua ninachokisema, maana watoto wana shule hapa, na kule hatuna hata chumba cha kuwalaza. Nikamjibu niliolewa na mtu, sikuolewa na lupango. Usingizi ulitupitia mbali, lakini hatukugombana tena.

Asubuhi mfanyabiashara aliporudi, nilikuwa nimeshafungua mdomo, mume wangu akaniwahi. "Nyeupe," akasema, akaenda kutafuta batri.

Wale vijana wa kung'oa mabati walifika kabla ya kaseti. Walikuja mchana kweupe, na nusu yao walikuwa wateja wetu, nilijua hata nani hupenda kukaa upande gani wa benchi. Walimwambia mume wangu atoke, mi wakaniambia nibaki tu, mama, hatuna shida na weye. Nilianza kutoa masufuria nje. Tukabeba magodoro, mashine nyeupe, televizyo ndogo na batri, watoto wakatufuata mpaka stesheni. Nyeusi niliiacha mezani na waya zake. Sijui nani aliichukua, na sikutaka kujua.

Yule mfanyabiashara, Mungu ambariki, aliposhuka kwenye lori alikuja stesheni kututafuta kati ya mahema, na kaseti ndani ya shati. Hivyo ndivyo mchezo ule mkubwa ulivyofunguliwa Kolwezi, kando ya reli, juu ya sanduku la sabuni. Watu walilipa kwa kopo la unga, kwa makaa, kwa ndoo ya maji. Ila televizyo haikuwa na rangi, nyekundu na kijani zote zikawa kijivu, na watu wakawa wanawapasia adui zao wakishangilia. Uwanja ukaangua kicheko. Mume wangu akaweka sheria kwamba timu moja ivae nyeupe daima, na tukaendelea.

Mmoja wa wale vijana akaja, mikono mfukoni, akataka kucheza. Nikamwonyesha mstari unakoishia. Akaenda kusimama nyuma ya watu aliowang'olea mabati, na zamu yake ilipofika hakuna aliyetaka kukaa naye. Mume wangu akachukua maneti ya pili, akamfunga mabao mfululizo, bila huruma na bila neno. Nilifurahi kupita kiasi.

Treni ilipofika hatimaye, kaka yangu alifika pia. Mume wangu na watoto wakubwa walikuwa wameshaingia ndani. Kaka alimbeba mtoto wetu wa mwisho, msichana ambaye hata kusema vizuri alikuwa hajaanza, akaniambia nikipanda nisimwite tena ndugu. Nikamwambia nimesikia. Watu wakasukumana, wakanibeba pamoja nao mpaka ndani, na nilipofika dirishani mtoto alikuwa bado mikononi mwake, chini.

Behewa likatikisika. Kaka alirudi nyuma hatua moja, mtoto amemkumbatia shingo. Angegeuka tu, angetembea tu, nisingeweza kumfuata.

"Yaya," nikasema. "Niletee mutoto."

Alinitazama. Kisha akavua koti lake, akamfunga nalo, akamwinua juu ya vichwa vya watu mpaka mikono yangu ikamfikia.

"Mufunike muzuri," akasema. "Mu njia, ku Lubudi, kuko baridi."