Mstari wa Goli

Aliyenifundisha pikipiki alikuwa mpangaji mwenzangu, dereva wa bodaboda, kwenye kiwanja cha mpira Tandale. Pikipiki ilikuwa yake, mpya. Zoezi lilikuwa kwenda taratibu na kusimama kwenye mstari wa goli. Mie nilikulia baiskeli isiyo na breki, tuliyoisimamisha kwa kuburuza kandambili chini. Kila nikikaribia mstari, miguu ilishuka yenyewe na pikipiki ikapitiliza.

Mara ya tano akasimama mwenyewe kwenye mstari, anacheka.

“Haya braza, leo utakanyaga breki au utanizika.”

Nikaja taratibu kabisa. Miguu ikashuka.

Goti lake halikunjiki tena. Pikipiki naiendesha mie sasa, na kila asubuhi mke wake ananikabidhi ufunguo bila kuniangalia.