Mauza Aliyepumzishwa

Mzani wa kliniki ulisema kilo sitini na tatu, na muuguzi akatabasamu. "Uzito uleule wa Februari, mama. Unaendelea vizuri."

Mauza alishuka akishika ukuta. Zamani bangili zake tatu za dhahabu hazikuvuka kiganja mpaka kwa sabuni. Leo akiinua mkono zinateleza hadi kwenye kiwiko. Mapaja yamekwisha, akikaa kwenye benchi anakalia mfupa. Iliyojaa ni miguu tu, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Na huyu anampongeza.

"Mwanangu, mimi nakwisha," alisema. "Au huo mzani wenu unapima magauni?"

Muuguzi akaona haya, akamwingiza kwa daktari. Daktari alikuwa binti mdogo, Leticia jina lake, akamwamkia shikamoo kabla ya kukaa. Alimpima unene wa mkono kwa futi ya utepe kama ya fundi cherehani, kisha akamwambia afunge mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano.

Mauza alicheka kwa dharau. Miaka ishirini na sita kashusha majora ya vitambaa kwenye rafu za juu, dukani kwao Kariakoo, leo anafundishwa kusimama. Mara ya kwanza akaweza. Ya pili magoti yakatetemeka. Ya tatu akaishia nusu njia, akarudi kitini kama furushi lililotupwa.

"Unafanya kazi gani sasa, mama?"

"Nakaa. Tangu moyo uanze kunisumbua mdogo wangu kanipumzisha. Mwaka na miezi minne."

Daktari aliweka kalamu chini. "Sikiliza, mama. Moyo ukidhoofika, mwili unajiona uko vitani. Unamwaga homoni za hatari usiku na mchana, na hizo zinabomoa nyama. Homoni za kujenga zipo, zinapita kwenye damu, lakini misuli haizisikii tena. Hata homoni ya njaa unayo tele, na bado chakula hukitaki. Nyama inatoka, maji yanaingia miguuni, mzani unasoma kilo zilezile."

"Na kukaa?"

"Kukaa kunaongeza. Msuli usiotumika ndio unaotangulia kuliwa."

Alimwongezea dawa ya kutoa maji mwilini, akampunguzia chumvi, akamtaka ale mayai, maharage na samaki hata bila hamu. Jora zima asibebe. Ila atembee, apime vitambaa, akate, kidogo kidogo, na pumzi ikimpungua asimame kwanza.

Kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hadi dukani Mauza alipumzika mara tatu, na kila alipopumzika hasira zilizidi. Mwaka na miezi minne Hamud, mdogo wake, kamweka kwenye kiti chenye mto pembeni ya meza. Akinyanyuka, "Da Mauza, kaa." Akishika mkasi, ananyang'anywa kwa upole. Chai inamfuata kitini, wali unamfuata kitini. Mtaa mzima unasema ndugu kama yule utampata wapi. Na yeye, mjinga, alikuwa akishukuru.

Alipoingia Hamud aliupiga mto makofi ili ujae. "Karibu dada, kaa. Wamesemaje?"

"Wamesema unaniua."

Hamud aliangalia mlangoni kama kuna mtu kasikia. Mauza akamweleza yote, akiwa amesimama. Hamud alisikiliza huku anakuna ndevu.

"Daktari mwenyewe mtoto," alisema. "Mimi nikutumikishe mgonjwa? Hawa majirani watanisemaje? Watasema Hamud kamchosha dada yake kwa ajili ya duka."

"Kwa hiyo mimi nakaa hapa naliwa, ili wewe usisemwe."

"Da Mauza, sijasema hivyo."

"Umesema. Na siku ya kunizika watakusifu, watasema alimpumzisha vizuri. Utafurahi?"

Hamud mdomo ulimcheza, macho yakamlowa, na hayo machozi yakamkera Mauza kuliko maneno. Hata sasa yeye ndiye wa kumbembeleza?

Hapo akaingia Sofia wa Buguruni, mteja wao wa siku nyingi. Alitaka satini ya kijani, mita nane, sare za harusi. Hamud akashusha jora, akalilaza mezani. Alipogeuka kuchukua mkasi, ulikuwa mkononi mwa Mauza.

"Ah, mama, wewe kaa bwana," Sofia alisema. "Atanikatia kaka."

"Kitambaa unakitaka hukitaki?"

Sofia akasogea pembeni. Mauza akavuta satini juu ya rula ya mbao iliyopigiliwa mezani. Mita moja. Mbili. Mikono ilimwaka moto kuanzia mabegani, bangili zikagongana mkononi. Kwenye ya tatu pumzi ikakata, akaegemea meza, jasho likimtoka puani.

Hamud akamjongelea kwa nyuma.

"Nimeambiwa nisimame kwanza, sijaambiwa niache," Mauza alisema bila kugeuka. "Kama miguu inakuwasha, kaa wewe."

Hamud aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akakaa kwenye kiti chenye mto, mbele ya mteja na mbele ya wapita njia wote wa mtaa ule. Mauza akasubiri pumzi irudi. Ilipomrudia akavuta mita ya nne.