Picha Iliyokatika Ujiani

Kaswera alitoka Butembo, Kongo, akavuka mpaka na kupanga chumba Bwera, Uganda. Mwaka 2017 alipata kazi ya ukalimani katika zahanati moja ya misheni. Daktari Semu, bingwa wa mapafu, aliwaona wagonjwa kwa video akiwa Kasese. Kaswera alibeba tableti kitanda hadi kitanda, akitafsiri maneno ya wagonjwa waliotoka Kongo.

Wodi ya wanaume na ya wanawake ziliunganishwa na ujia wa mabati. Kila alipofika hapo picha iliganda, kisha mazungumzo yakakatika. Daktari alimuuliza kwa upole kama huwa anabonyeza kitu. Kaswera hakujua. Akaanza kuishika tableti kwa ncha za vidole. Akajaribu kutembea polepole, akajaribu kukimbia. Muuguzi Yunia akamwonyesha kuwa alama za mtandao zimejaa pande zote mbili, na hilo likamchanganya zaidi.

Siku moja mgonjwa mmoja, mzee Ruben, alizidiwa, wauguzi wakawa wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kupitia ujiani kwenda kwenye oksijeni. Daktari alikuwa anaanza kutaja dawa, picha ikakatika. Kaswera akasimama katikati ya ujia, asijue aende mbele au arudi. Yunia alimpigia daktari kwa simu yake, akatajiwa dawa, na mzee akatulia. Lakini jioni Kaswera alikwenda kuaga kazi.

"Mikono yangu iko na kitu mubaya," alimwambia Yunia.

Yunia alimzuia, akamwita Asanasio, fundi wa mtandao wa Kasese. Asanasio alitembea naye ujiani mara kadhaa, kompyuta mkononi. Alimweleza kwamba kila wodi ina antena yake, zote kwa jina moja, na zote zinaongozwa na programu moja iliyoko ofisini mjini. Tableti ilikuwa inang'ang'ania antena ya nyuma mpaka mawimbi yake yanafifia, halafu inaanza kujitambulisha upya kwa ile ya mbele. Mazungumzo ya video yalikufa hapo katikati.

"Sasa nitaiamuru programu," alisema. "Tableti ipewe antena yake ya kuigiza. Ukitembea, programu inaihamisha antena hiyo ya kuigiza kutoka wodi hii hadi ile. Tableti itadhani haijaondoka kwa mwenyeji wake."

"Kwa hiyo wako wanaidanganya?"

"Ndiyo. Kwa faida yake."

Kesho yake Kaswera alivuka ujia huku daktari akizungumza bila kukatika. Mwenyewe alikuwa amejiandaa kwa ukimya, hivyo akasahau kutafsiri, na daktari akalazimika kurudia swali. Baadaye daktari alimwomba radhi kwa kumshuku.

Kaswera alibaki kazini. Yunia alipomuuliza kama sasa ameelewa, alisema anaelewa kwamba hakukosea. Ila aliyekosea ni nani, hilo bado halijamwingia akilini: antena zilikuwa nzima, tableti nzima, na yeye alikuwa anatembea tu.